Ile "Ja" Katika Majibu ya Masanja

Nyie mnaosoma sayansi mna swali moja ambalo mnaniuliza kila mnaponikuta, iwe sokoni Kashaulili, iwe msibani. "Bibi, wewe umekaa na hadubini maisha yako yote, halafu Jumapili unaimba kwaya. Inakuwaje? Sayansi inasema Mungu yupo au hayupo?" Mmoja anauliza kwa heshima. Mwingine anauliza huku anawakonyeza wenzake, akisubiri nijikanyage. Nimeamua niwaandikie jibu mara moja mlisome nyumbani, mniache ninunue nyanya zangu kwa amani.

Jibu lenyewe lina mgonjwa ndani yake. Amenipa ruhusa ya kueleza habari zake, vinginevyo msingesikia kitu kutoka kwangu. Mtu wa maabara anayetembea na majibu ya watu mdomoni ni mbaya kuliko mashine mbovu. Mashine mbovu unaizima.

Kazi yangu ilikuwa makohozi. Najua mnakunja pua, lakini ndiyo kazi iliyosomesha watoto wangu. Nilikuwa mteknolojia wa maabara katika hospitali moja hapa Mpanda, na muda mwingi nilikaa upande wa kifua kikuu. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mtu ukimwambia alete makohozi ataleta mate, kwa sababu mate hayana aibu. Inabidi umweleze: asubuhi, kabla hujala, vuta pumzi hadi chini, ukohoe kutoka kifuani. Mzee mmoja wa Kasokola nilimweleza vizuri sana, akaitikia vizuri sana, kesho yake akaniletea makohozi ya jirani yake. Yake, alisema, yalikuwa machache, na jirani alikuwa nayo mengi mazuri.

Ukishayapata unayapaka kwenye kioo, unayakausha, unamwaga rangi nyekundu na kupasha moto kwa chini hadi mvuke utoke, lakini isichemke. Ikichemka umeharibu. Kisha unaosha kwa tindikali. Hapo kila kitu kinaachia ile rangi, isipokuwa wadudu wa TB. Wale ni wabishi, wakishika nyekundu hawaiachii. Mwisho unaweka bluu. Ukichungulia unaona uwanja wa bluu, na kama wapo, vijiti vyembamba vyekundu vimelala humo. Unasogeza kioo polepole, sehemu kwa sehemu, hadi shingo inauma. Haraka ndiyo adui. Niliwahi kufanya kazi na dada mmoja hodari ambaye kila alipokaribia muda wa chai, wagonjwa wake wote walikuwa wazima.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Hamisi, Mbende wa upande wa Karema, Mwislamu aliyetandika mkeka wake wa sala nyuma ya kabati la kemikali. Siku nilipotoa majibu yangu ya kwanza ya mtu asiye na wadudu, niliandika kwa furaha: *Hakuna wadudu wa TB.* Aliniita dirishani, kwenye mwanga.

"Editha, huyu mgonjwa umemmaliza?"

"Nimemmaliza, mzee."

"Umepitia makohozi yote aliyo nayo kifuani?"

"Hapana, mzee. Hili tone tu."

"Basi hao wengine, nani amekuambia hawapo? Wamekupigia simu?"

Akachukua kalamu, akakata neno langu, akaandika juu yake: *Hawajaonekana.* Akaigonga karatasi kwa kidole. "Unaiona hii 'ja'? Wewe unalipwa kwa ajili ya hii 'ja'. Ukisema hawapo umechukua kazi ya Mungu, maana yeye ndiye anayeona kifua chote."

Miaka ya karibuni tuliletewa mashine inayosoma vinasaba. Vijana wa maabara waliipenda kuliko simu zao. Na kweli ni hodari, inagundua ugonjwa mahali ambapo macho yangu yangeshindwa. Lakini ina tabia moja: inaona hata mizoga. Mdudu aliyekufa kwa dawa bado inamtangaza. Ndiyo maana mgonjwa akishaanza matibabu, kumfuatilia tulirudi kwenye hadubini ile ile ya zamani. Kwa hiyo msidhani shida ni kutoona tu. Hata ulichokiona inabidi ujiulize umekiona kikiwa hai au kimekufa.

Sasa Masanja.

Huyu ni Msukuma, mfugaji. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga wakakaa Kasokola, na yeye amezaliwa huku. Aliletwa kwetu katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, akiegemea mgongo wa dereva na wa nyuma akimshikilia asidondoke. Mkewe, Kabula, alikuja nyuma kwa miguu na mtoto wao mgongoni, wa kike, anaitwa Limi. Nilipochungulia kioo cha Masanja nilikuta nyekundu imetapakaa kama pilipili ndani ya supu. Akaanzishiwa dawa za miezi sita. Mtoto akaangaliwa, hakuonekana kuwa mgonjwa, akapewa dawa ya kinga.

Wakati huo huo ndugu zake walimpeleka kwenye kanisa letu la Shanwe aombewe. Mchungaji wetu, Mchungaji Yohana, alikwenda Kasokola kila jioni kwa pikapu yake mbovu kumwekea mikono. Nasema haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Hakuomba akiwa ameketi ofisini. Alikaa kwenye kibanda kile akivuta hewa ile ile aliyokuwa anaikohoa Masanja, na mimi nilimgombeza afungue dirisha.

Baada ya miezi miwili Masanja aliingia maabara kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amenenepa mashavu. Nilipaka, nilichungulia kioo chote, nikarudia. Nikaandika neno la Mzee Hamisi. Nikamweleza pale dirishani: majibu ni mazuri, lakini dozi inaendelea hadi mwisho.

"Mayu," aliniita hivyo, kama anavyomwita mama yake, "kwa hiyo hawapo?"

"Hawajaonekana."

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema, akaondoka anacheka.

Kanisani kwetu kuna desturi. Mtu akiokoka analeta vitu alivyokuwa anavitegemea zamani, hirizi, shanga, vichupa vya mganga, anaviweka kwenye ungo mkubwa mbele, na ibada ikiisha vinachomwa uani. Mchungaji akihubiri juu ya jambo hilo husema, "Leteni dawa zenu!" Kila aliyekulia kanisani kwetu anajua anasema dawa za mganga. Lakini neno ni moja. Kidonge cha hospitali ni dawa, na mzizi uliofungwa kitambaa cheusi ni dawa. Hatukuwahi kuona hatari yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kukosea.

Hapo ndipo ulipokuja mdahalo.

Deus ni mtoto wa dada yangu. Dada alipofariki nilimchukua, akakulia kwangu. Sasa anafundisha fizikia sekondari, na kanisani hakanyagi isipokuwa kwenye harusi. Wanafunzi wake ndio walioanza kuwauliza vijana wa kanisa maswali magumu, vijana wakamlilia mchungaji, na mchungaji, badala ya kuwakataza, akamwalika Deus. Jumapili mchana, baada ya ibada, kanisani. Juu ya kitambaa cheupe vijana waliandika: SAYANSI NA MUNGU: USHAHIDI UKO WAPI?

Wanafunzi wa Deus walikaa kushoto, kwaya kulia. Mimi nilikaa na sauti ya pili, mahali pangu pa kawaida. Nilimlea mmoja, mwingine ni mchungaji wangu.

Walianza vizuri. Mchungaji alisema, "Mwalimu, ukipita porini ukakuta kisima kimejengewa, kina mfuniko na kamba, utasema mvua ndiyo iliyokichimba?"

"Kisima nimeshaona watu wakichimba," Deus akajibu, "kwa hiyo nikikikuta najua. Ulimwengu ni mmoja tu, na hakuna aliyeona ukichimbwa. Unaufananisha na nini, Mchungaji?"

Kushoto wakapiga makofi.

"Punje ya mahindi inalala kavu ghalani," mchungaji akasema, "ukiitia kwenye udongo wenye maji inaamka na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Nani ameifundisha?"

"Zamani radi ikipiga nyumba tulisema imetumwa na Mungu. Siku hizi tunaweka chuma juu ya paa la shule na hiyo iliyotumwa inaishia ardhini. Kila tunapojua jambo, Mungu wenu anarudi nyuma hatua moja."

"Harudi nyuma, mwalimu. Ni wewe unayesogea mbele ndani ya shamba lake."

Kulia wakalipuka. Hata mimi nilipiga makofi, na Deus mwenyewe alitabasamu. Kama wangeishia hapo, ungekuwa mdahalo mzuri kuliko yote iliyowahi kufanyika Mpanda. Lakini vipaza sauti vilikuwa vimewaka, watu wanashangilia, na kila mmoja alitaka neno la mwisho.

"Tumeongea maneno," mchungaji akasema. "Sasa nakuletea ushahidi wenye miguu. Masanja, simama."

Masanja akasimama, amevaa koti lake la sherehe. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake niliziona pakiti za vidonge vyake; asubuhi kwenye ibada mchungaji alikuwa amesema leteni dawa zenu, na ungo ulikuwa bado mbele.

"Huyu mlimwona alivyoletwa?"

"Tulimwona!"

"Na maabara imesema nini?"

"Hawapo!" wakaitikia wote kwa pamoja.

Deus akaruka. "Alikuwa anameza dawa, Mchungaji! Kila siku!"

"Na alikuwa anaombewa kila siku."

"Basi mmefanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Huwezi kujua lipi limefanya kazi."

"Tutajuaje, mwalimu? Si wewe ndiye mwenye sayansi? Tufundishe."

"Unaondoa moja!" Deus alikuwa anapiga kelele sasa, mishipa imemtoka shingoni. "Aache dawa, abaki na maombi yenu, halafu tuone! Hiyo ndiyo sayansi, Mchungaji. Hilo ndilo jaribio. Mnathubutu?"

Nilikuwa namtazama. Nilimlea, namjua uso. Sentensi ilipotoka, niliona macho yake yakiifuata kama mtu aliyeangusha sahani. Alitaka kumbana mchungaji tu. Alikuwa na uhakika atakataa.

Mchungaji aligeuka kulia, kisha kushoto. Watu walikuwa wamesimama. Akasema, "Nimekubali."

Wanangu, nimewahi kuona watu wakibishana juu ya Mungu mara nyingi. Siku ile ndiyo mara pekee niliyoona anayeamini na asiyeamini wakikubaliana, na walichokubaliana ni kumnyang'anya mtu dawa. Kushoto walipiga kelele, "Aache tuone!" Kulia walipiga kelele, "Aache, Bwana yupo!" Ilikuwa kelele moja. Masanja alianza kutembea kwenda kwenye ungo.

Nilisimama. Sikupanga. "Subirini," nikasema, na kwa sababu sauti yangu imezoea kwaya, ilifika.

"Mama Editha ndiye aliyepima," mchungaji akasema kwenye kipaza sauti, kwa furaha. "Njoo mbele, mama. Masanja, unamruhusu aseme?"

"Aseme, Mayu aseme."

Nikaenda mbele. Mchungaji akanisogezea kipaza sauti. "Uliona wadudu au hukuona?"

"Sikuona."

Makofi. Alisubiri yatulie. "Kwa hiyo hawapo."

"Hawajaonekana."

"Ndiyo. Hawapo."

"Hawajaonekana, Mchungaji. Nilichungulia tone moja. Kifua ni kikubwa. Wanaobaki hujificha, na dawa ikikatwa wanarudi, tena wanarudi wakiwa wameshaizoea. Wakirudi hivyo, dawa hizi zinaweza zisimsaidie tena."

Kulikuwa na mnong'ono. Mama mmoja wa kwaya yangu, ninayesimama naye bega kwa bega, akaita, "Toa hiyo 'ja', Editha! Mwamini Bwana!" Wengine wakadaka, "Toa 'ja'! Toa 'ja'!" Walikuwa wanacheka, lakini wamenikazia macho.

"Mama mdogo," Deus akasema upande wa pili, kwa sauti ya kuomba, "waambie basi dawa ndizo zilizomponya. Sema tu."

"Hilo nalo sikuliona," nikamjibu. "Hadubini inanionyesha waliopo kwenye kioo. Hainionyeshi aliyewaondoa." Ninaamini dawa zilifanya kazi, nimeona zikifanya kazi kwa watu wa kila dini na wasio na dini. Lakini mimi nilikuwa nimeitwa mbele kusema nimeona nini.

Mchungaji ni mwepesi wa akili. Akageuka kwa Deus papo hapo. "Umesikia, mwalimu? Kutoonekana si kutokuwepo. Basi na Mungu hajaonekana tu!"

"Hata ng'ombe mwenye mabawa hajaonekana tu, Mchungaji!"

Wakacheka pande zote, na niliona tunapotea tena. Nikasema, "Mimi kabla sijachungulia, najua ninachokitafuta kinafananaje. Kijiti chekundu kwenye bluu. Bila hivyo ningechungulia hadi nife na nisingejua nimekiona au sijakiona. Niambieni nyie wawili: huyo mnayemtafuta kwenye kifua cha Masanja, mkimwona mtamjua kwa rangi gani?"

Ningependa kuwaambia kwamba ukumbi ulitulia na watu wakafikiri. Hapana. Kijana wa muziki, alipoona nimemaliza kusema, akagonga kinanda, kwaya ikadhani ni zamu yake ikaanza kuimba, na katika wimbo ule Masanja akainama, akauweka mfuko wake kwenye ungo, katikati ya shanga na hirizi. Kabula alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Alikuwa amemfunika mtoto kanga hadi juu ya pua.

Watu walipotawanyika niliwakuta wote wawili uani. Mchungaji alikuwa na kidumu cha mafuta ya taa mkononi. Ungo ulikuwa chini. Deus alikuwa ameegemea ukuta.

"Nipe ule mfuko," nikasema.

"Mama, umewekwa mbele za Bwana. Nikiutoa, kesho mji mzima utasema Bwana ameshindwa na mwalimu wa fizikia."

"Na akianza kutema damu, utauambia nini mji mzima?"

Aliweka kidumu chini. "Mimi nilimwona hawezi kukaa. Nilimshika mgongo hivi, ni mifupa mitupu. Halafu nimemwona anatembea. Unataka nikane macho yangu?"

"Usiyakane. Umeona anatembea, sema anatembea. Ila usiongeze ambacho hukukiona."

"Mama mdogo," Deus akasema, "mimi sikuwa na maana hiyo."

"Usiniambie mimi. Mimi simezi vidonge."

Mchungaji alichuchumaa kwenye ungo. Aliinua shanga moja moja kama mtu anayechambua mchele, akautoa mfuko, akaufuta vumbi kwa kiganja. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wanamtazama kutoka kwenye ngazi. Aliwaona, na hakuuficha. Kisha akasema, bila kutugeukia, "Ingieni kwenye gari."

Tukaelekea Kasokola. Deus alikaa katikati, magoti yamegongana na gia.

Masanja alikuwa nje ya nyumba, bado na koti. Alipouona mfuko mkononi mwa mchungaji, alisimama. "Mchungaji, hiyo ni nini?"

"Niliharakisha, Masanja. Chukua."

"Sichukui." Hakupandisha sauti. "Nyie mmenisimamisha mbele ya watu. Mmeniuliza, nimesema nimepona. Leo nikizimeza, watasema nilidanganya madhabahuni. Nisipozimeza nikafa, mwalimu huyu atasema si niliwaambia. Mmenifanya mpira. Sasa kila anayepiga, naumia mimi."

Mchungaji aliuweka mfuko kwenye kigoda kati yetu, na ukakaa pale.

"Ila niambieni kitu kimoja," Masanja akasema. "Nani alishinda?"

Niliwatazama. Mimi nilijua, na nadhani na wao walijua, kwamba jibu la swali lile ndilo lingeamua kama mfuko ungeokotwa au la.

"Mchungaji," Deus akasema.

Mchungaji aligeuka kumtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mchungaji ameshinda mdahalo," Deus akasema tena. "Kesho nitasema shuleni, mbele ya wanafunzi. Na lile jaribio nimelifuta. Lilikuwa langu, nalifuta. Hakuna anayekupima tena, kaka."

"Kwa hiyo sasa unaamini?"

"Hapana."

Masanja akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akainama, akakohoa hadi akapata pumzi. "Huyu angalau hadanganyi," akasema. "Kabula! Maji."

Kabula alikuja na kikombe. Masanja alimeza kimoja baada ya kingine, vyote vya siku ile, na mimi nikamwambia afungue mdomo, ainue ulimi, kama tunavyomwambia kila mtu. Mchungaji alinyoosha mkono amwombee. "Subiri kwanza nimalize maji, Mchungaji," Masanja akasema.

Hapo ndipo ningeweza kuwaaga, na wengi wanaosimulia kisa hiki hapa mjini huishia hapo, wakibishana kama mwalimu alishindwa kweli au alijifanya. Lakini Kabula hakuondoka. Alikuwa amesimama na kikombe kitupu.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza, mama," mchungaji akasema.

"Kushindana mmemaliza?"

"Tumemaliza."

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa. Limi alikuwa mwepesi. Shingo ilikuwa na joto. Nilisikia kifua chake kwenye mkono wangu kabla sijasikia kikohozi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Wiki kadhaa. Dawa yake ya kinga nayo baba yake alisema tuiache, tumeshapona." Alikuwa anaongea na mimi tu, kana kwamba wale wanaume hawakuwepo. "Leo kule kanisani alikuwa anakohoa, nikamziba na kanga. Niliona wakimsikia, watasema baba yake hajapona. Na mwalimu atapiga makofi."

Limi alitibiwa, na yuko shule sasa, na baba yake alimaliza dozi yake. Nawaambia mapema msiishi na wasiwasi kama niliokuwa nao mimi. Mkiniuliza tena sayansi inasema nini juu ya Mungu, nitawaambia sijui, na mimi bado naimba sauti ya pili. Ila mkiandaa mdahalo, angalieni kwanza nani amesimama mlangoni na ameziba nini.

Siku ile, pale nje ya nyumba, mchungaji hakuomba. Aliwasha gari. Kabula alikaa mbele pamoja nami, Masanja na Deus wakapanda nyuma, na tukaelekea hospitali kwa njia ile ile tuliyojia. Barabara ilikuwa ya mashimo, na sauti ya gari lile ni kubwa, lakini kila mtoto alipokohoa, tuligeuka wote, hata aliyekuwa ameshika usukani.